Begi la kitaktiki ligeuzeni ndani nje kabla ya kulilipia

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Katika ukurasa wenu wa vijana nilisoma ushauri wa kuchagua begi la kitaktiki, yale mabegi magumu ya mtindo wa kijeshi yenye safu za tepe mbele na ubavuni, ambayo sasa yameenea migongoni mwa watu wa Bukavu: wanafunzi, wauguzi wanaokwenda vijijini, wapiga picha, waongoza watalii wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, hata watu wa machimbo. Mwandishi wenu alisema mnunuzi ahesabu mifuko, kwamba lenye mifuko mingi ndilo litakalomfaa kwa kila kazi. Mimi ni mama fundi, nashona na kutengeneza mabegi, na mengi ya hayo yanaishia mezani kwangu yakiwa yamepasuka. Naomba nafasi nieleze yanapasukia wapi, kwa sababu inaniuma kuona kijana akiacha dola zake sokoni, kisha analeta begi kwa fundi kabla mvua za msimu huohuo hazijaisha.

Kwa muda wote niliokaa kwenye kazi hii sijaletewa begi lililoharibika kwa kukosa mfuko. Yanaharibika kwenye mshono wa kitako, kwenye zipu kubwa, na pale mkanda wa bega unapoungana na mwili wa begi. Sehemu hizo tatu zote zinasomeka upande wa ndani. Nje ni uso uliopakwa rangi. Kwa hiyo neno langu kwa mnunuzi ni moja: mwombe muuzaji atoe makaratasi na maboksi aliyoyashindilia ndani ili begi lisimame vizuri, uligeuze ndani nje pale pale, mchana, mahali penye mwanga. Muuzaji akikataa, mshukuru uende kwa jirani yake.

Ukishaligeuza, angalia kwanza kingo za kitambaa pale vipande viwili vilipokutana. Kitambaa kinachobaki nje ya mshono kisipungue sentimita moja. Viwanda vya haraka vinabakiza milimita chache tu ili kuokoa kitambaa, na ukilijaza begi, nyuzi za kitambaa zinachomoka taratibu kutoka chini ya mshono mpaka siku moja ubavu unafunguka wote. Kingo hizo zifunikwe kwa utepe ulioshonwa kuzunguka begi lote. Ukiona nyuzi zinaning'inia kama ndevu, ujue kuchomoka kumeshaanza kabla hujalinunua. Kisha tazama mishono yenyewe. Watu wengi wanadhani mishono iliyosongamana ndiyo imara. Kwenye kitambaa kinene sindano ikipita mara nyingi mno inakitoboa mfululizo, na kitambaa kinachanika kwa kufuata mstari wa matundu. Mishono mitatu au zaidi kidogo katika sentimita moja inatosha, mradi uzi uwe mnene na mistari iwe miwili mahali panapobeba uzito. Shika pande mbili za mshono, vuta kwa nguvu zako zote, utazame matundu: yakipanuka na mwanga ukapita, rudisha begi mezani.

Mikanda ya mabega inahitaji macho zaidi. Kwenye begi zuri utaona vishono vifupi vya zigizaga vilivyobanwa sana, upana wa ukucha hivi, vikivuka mkanda mahali ulipofungwa. Hivyo ndivyo vinavyobeba uzito wote wa begi unapolinyanyua kwa bega moja na kulirusha mgongoni. Ncha ya chini ya mkanda isichomekwe tu katika mshono wa ubavu. Inatakiwa ishikwe na kipande cha pembetatu cha kitambaa kilichoshonewa ndani ya ubavu, ili uzito usambae. Kama pembetatu haipo, fundi yeyote wa mtaani anaweza kuiongeza. Ni kazi ndogo na bei yake ni ndogo, ila ifanywe begi likiwa jipya. Mkanda ukishang'oka unaondoka na kitambaa, na hapo tunashona kiraka juu ya kidonda.

Sasa niseme asili ya mabegi haya, kwa sababu asili yake inatusaidia kujua yapi ya kweli. Mengi ya muundo huu yalitokea Marekani. Kule kuna raia wengi wanaomiliki silaha kwa sheria ya nchi yao na wanaokwenda kwenye viwanja vya shabaha kufanya mazoezi, na begi la uwanjani limetengenezwa kwa mzigo wa huko: vikinga masikio, miwani, mafuta na brashi za kusafishia, na maboksi ya risasi. Boksi moja la risasi 50 za milimita 9 lina uzito wa gramu 600 hivi, na ni dogo kuliko mkono wako. Maboksi matano ni kilo tatu zilizokaa mahali pamoja, zikigonga kitako kila hatua. Kwa sababu hiyo begi la uwanjani lililoshonwa kwa uaminifu lina vishikio ambavyo utepe wake haukomi ubavuni, unashuka, unapita chini ya kitako na kupanda upande wa pili. Mwenye kulibeba anakuwa ameshika mzigo wenyewe, kitambaa kinabaki kuuzuia usimwagike tu. Kitako nacho kina tabaka mbili na bamba gumu katikati.

Hapa kwetu raia hana uwanja wa shabaha wa kwenda Jumamosi, lakini mzigo wa namna ile tunao. Kasiterite, yale mawe ya bati ya machimbo ya Nyabibwe, ina uzito wa karibu mara saba ya maji. Mtu anaweka mawe machache ya mfano katika begi la mwanafunzi, analiona bado tupu, anaongeza, na akifika Bukavu kitako kimebaki kikining'inia. Mafundi umeme na koili zao za nyaya, watu wa mabomba na funguo zao za chuma, wote ni hadithi hiyohiyo. Kwa watu hawa begi la aina ya uwanja wa shabaha linafaa kweli. Ninapoulizwa na mtu wa machimbo ninamwambia aache lile refu la mgongoni, atafute lile fupi pana lenye vishikio vinavyozunguka kitako. Na alipindue kabla ya kulipa: utepe upite chini pote, usiwe umekatwa na kufichwa mshononi.

Jambo linalofuata nimeliona mimi mwenyewe na sijalisoma popote katika magazeti yetu. Mabegi mazuri kuliko yote tunayopata hapa yanatoka kwenye mabalo, yaani marobota, ya mitumba. Yalishonwa kwa watu wanaodai ubora, na hata yakiwa yametumika yanashinda mapya ya bei rahisi. Lakini mengine yametoka moja kwa moja kwenye viwanja hivyo vya shabaha. Nimeshakuta ganda tupu la risasi kwenye mfuko mdogo wa ndani wa begi ambalo mteja aliniletea nibadilishe zipu. Yeye alikuwa hajui. Wazeni kijana huyo amefika barieri, kizuizi cha barabarani, au anavuka mto Ruzizi kwenda Rwanda, na askari anaingiza vidole kwenye mfuko ule! Maelezo gani atakayotoa yakasikika? Kwa hiyo kila begi la mtumba la aina hii lipapaswe mfuko kwa mfuko, kona kwa kona, na lining'inizwe kichwa chini litikiswe.

Kisha lifuliwe. Risasi inapofyatuliwa inatoa vumbi la plombi, yaani madini ya risasi, na vumbi hilo linashika mikononi, kwenye nguo na kwenye kitambaa cha begi. Plombi haionekani wala hainuki, na ni sumu, zaidi kwa watoto wadogo kwa sababu inadhuru ubongo unaokua. Usilikung'ute begi la namna hiyo ndani ya nyumba wala kulipiga brashi kavu, maana utalipeleka vumbi hewani mnakopumua. Lilowekwe kwa maji na sabuni, peke yake, mbali na nguo za watoto na vyombo vya chakula, maji yabadilishwe mpaka yatoke safi, na mfuaji anawe mikono vizuri. Nawasihi mama wenzangu wanaonunua mabegi haya kwa ajili ya shule: fueni kwanza, ndipo mtoto aweke mkate wake ndani.

Kuna pia mfuko wa siri. Mabegi mengi ya uwanjani yana chumba nyuma, kati ya mgongo na mwili wa begi, chenye zipu iliyofichwa na ukuta wa ndani uliojaa velkro, ule utepe unaogandana. Kimetengenezwa kwa bastola. Mnunuzi wa hapa anafurahi akidhani ni mahali pa kuweka makuta, yaani pesa. Mtu anayepekua begi barabarani anakijua chumba kile ni cha nini, na akikikuta hujakitaja, safari yako imeingia matatani. Mimi ninashauri kifunguliwe. Ninaondoa kifuniko cha zipu ili ionekane wazi, ninang'oa velkro, kinakuwa mfuko wa kawaida wa makaratasi. Kazi hiyo naifanya kwa bei ndogo kabisa kwa sababu naogopa kwa niaba ya watoto wa watu.

Kuhusu rangi sitazunguka. Madoadoa ya kijeshi, hapana. Kijani cha jeshi, hapana. Najua mwandishi wenu alisifu rangi hizo kwamba hazionyeshi uchafu, na ni kweli kwa mwindaji wa Marekani. Mji wetu umepitiwa na majeshi mengi, na kuvaa sare ya jeshi bila kuwa askari ni kosa katika nchi yetu. Begi siyo sare, ila usiku, au mbali kwenye njia ya Walungu, anayekuona kutoka mita mia haoni begi, anaona mgongo wa kijani. Chukueni nyeusi, kijivu, bluu nzito, kahawia ya udongo. Mabaka ya velkro yaliyowekwa mbele kwa ajili ya bendera na alama, yatoeni au yafunikeni. Mimi binafsi sishoni kitambaa cha madoadoa kwa raia, hata akiniongezea malipo, na wateja wangu wamezoea.

Turudi kwenye kitambaa. Mtaona namba zimeandikwa 500D, 600D, 1000D. D hiyo ni denie, kipimo cha uzito wa uzi: denie 1000 maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 1,000. Namba kubwa ni uzi mnene zaidi. Lakini namba haisemi uzi ni wa nini. Nailoni nzuri ya 500D mara nyingi inashinda poliesta ya 600D kwa kustahimili msuguano, nayo poliesta inashinda nailoni kwa kustahimili jua na haivutiki sana ikilowa. Mtu anayeshinda juani na motari, yaani dereva wa pikipiki, anaweza kuchagua poliesta bila hofu. Anayepita vichakani na miambani achukue nailoni, na baada ya kulifua alianike kivulini. Cordura ni jina la biashara la nyuzi za namna hii, na lebo yake inaigizwa kirahisi, kwa hiyo msinunue lebo. Pitisheni kucha kwenye kitambaa: kikiacha mstari mweupe na nyuzi zikasogea kando, kimefumwa kwa kulegea.

Upande wa ndani kuna rangi nyembamba ya plastiki inayozuia maji. Rangi hiyo inakufa kwa joto na unyevu hata begi likiwa halijatumika, kwa hiyo begi lililokaa miaka kwenye stoo linaweza kuwa bovu huku likionekana jipya. Weka kidole ndani. Kikinata, au ukisikia harufu kali ya uchachu, acha. Ugonjwa huo sisi mafundi hatuna dawa yake, unga wake utachafua nguo zako mpaka mwisho. Na hata rangi ikiwa nzima, maji ya Bukavu kuanzia Septemba mpaka Mei yataingia kupitia matundu ya sindano, kwa sababu mabegi haya mengi hayazibwi mishono. Hakuna haja ya kulipia neno "haipitishi maji". Tengeneza mfuko wa ndani kwa kipande cha shitingi, lile turubai la plastiki, ukunje mdomo wake mara tatu, daftari na simu vitavuka ziwa Kivu mpaka kisiwa cha Idjwi vikiwa vikavu. Shitingi nzito ni bora kuliko sashe pia kwa wanaokwenda Rwanda, maana kule mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008 na inanyang'anywa mpakani.

Zipu. Geuza kile kichwa kinachotembea, nyuma yake kuna namba: 5, 8 au 10. Inakaribia kuwa upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita. Mlango mkuu wa begi la kazi usiwe chini ya 8, na 10 ni bora. Namba 5 ibaki kwenye mifuko midogo. YKK ni kampuni ya Japani iliyoanza 1934 na zipu zake nazipenda, ila herufi hizo nazo zinaigizwa, kwa hiyo fungua na kufunga mara nyingi mbele ya muuzaji, ukiwa umejaza begi yale makaratasi yake, na usikilize kona. Zipu inafia konani. Kichwa kikipita na meno yakaachana nyuma yake, mara nyingi kichwa ndicho kimepanuka na meno ni mazima. Fundi anabadilisha kichwa peke yake, hakuna sababu ya kung'oa zipu nzima. Wanaotembea kwenye vumbi la kiangazi wasafishe meno kwa mswaki mkavu na kupaka mshumaa. Wasipake mafuta ya kupikia, yanakusanya mchanga.

Sasa ile mifuko. Kila mfuko wa nje ni mshono wa ziada uliotoboa ukuta wa begi, na zipu ya ziada ya kuharibika. Mifuko miwili ya nje na mmoja wa ndani inamtosha mtu wa kazi. Zile safu za tepe mbele, Wamarekani wanaziita MOLLE, zina vipimo vyake: utepe wa milimita 25, nafasi ya milimita 25 kati ya safu, na mshono wa kukata kila milimita 38, ili kifuko cha kampuni yoyote kikae. Chukua rula ndogo sokoni. Kama vipimo viko ovyo, tepe hizo ni mapambo, na begi limeshonwa na mtu asiyejua lilikuwa la nini. Hata zikiwa za kweli, usining'inize vitu nje unapopita Kadutu au Nyawera katikati ya umati. Utafika nyumbani na kulabu tupu.

Ukubwa sina mengi: lita 25 mpaka 35 zinatosha kwa safari ya siku mbili, na begi kubwa linakualika ulijaze. Lijaribu likiwa na uzito, mkanda wa kiuno ukiwa umefungwa juu ya mifupa ya nyonga. Kama mkanda wa kiuno ni utepe mwembamba usio na sponji, haubebi chochote. Na kwa abiria wa motari, mkanda wa kifuani ni wa lazima, upepo na mashimo vinavuta mabega nyuma.

Nimalizie kwa wafanyabiashara, kaka na dada zangu mnaokwenda Kampala, Dubai na Guangzhou. Mnatuletea mabegi kwa makontena, ila fundi wa Bukavu anayatengeneza kwa uzi wa nguo, kwa sababu uzi wa nailoni wa mabegi haupatikani kirahisi. Uzi wa pamba unaoza kwa unyevu, na begi nililolishona vizuri leo linarudi kwangu mvua zikikolea. Leteni koni za uzi mnene wa nailoni, sindano namba 18, vichwa vya zipu namba 8 na 10, utepe wa milimita 25, na vibanio vya plastiki ile ngumu isiyovunjika ukivikanyaga. Ni mizigo midogo, inaingia katika kona ya kontena lolote. Sisi mafundi wa Kadutu tuko tayari kununua kwa pamoja na kulipa taslimu. Bwana Mhariri, ukichapisha barua hii, naomba sehemu hii ya mwisho usiikate.

Mama Fundi wa mabegi,
Kadutu, Bukavu